Mgonjwa ana stoma: uandike nini kwenye jalada, na msimbo upi

Kila msimu wa wanafunzi wa fildi, wiki ya kwanza haiishi bila mtu kusimama mlangoni pa chumba cha kumbukumbu na jalada mkononi: "Kaka, huyu ana mfuko wa choo tumboni. Niweke kodi gani?" Wa mwaka huu walikuwa watatu, na wote watatu walishaandika Z93.9, yaani stoma isiyotajwa ni ya nini, kabla ya kuuliza. Nimeona niandike mara moja, ili mwingine akija nimpe asome.

Nasema na wewe muuguzi au tabibu unayeandika kwenye jalada, na wewe wa kumbukumbu unayesoma alichoandika mwenzako ili uweke msimbo. Naandika kwa hali yetu ya Kigoma. Mgonjwa anaweza kufanyiwa upasuaji hospitali ya Bugando, Mwanza, akarudi na basi hadi Kasulu, kisha baada ya miezi mitatu akakutokea wewe akiwa ametoka na boti vijiji vya mwambao huko Uvinza, hana karatasi hata moja. (Msimbo, yaani herufi na namba zinazosimama badala ya jina la ugonjwa au hali, ndiyo hiyo tunayoiita "kodi" wodini. Hapa nitasema msimbo, maana kodi ninayoijua ni ya TRA.)

Nadharia ni hii tu: stoma ni tundu lililotengenezwa kwa upasuaji ili kitu kipite pasipo njia yake ya kawaida. Utumbo mpana ukitolewa nje ni kolostomi, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ni ileostomi. Mpira unaoingia kwenye kibofu kwa kutobolewa chini ya kitovu ni sistostomi. Wa kulishia, unaoingia tumboni moja kwa moja, ni gastrostomi. Tundu la shingoni la kupumulia ni trakeostomi. Mpira wa mkojo uliopita njia ya kawaida si stoma. Mpira wa puani wa kulishia nao si stoma.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Jalada zima, siyo karatasi ya leo peke yake.
- Taarifa ya upasuaji. Ikikosekana, karatasi ya kuruhusiwa au barua ya rufaa.
- Rula ya milimita. Kadi ya kupimia stoma ikiwepo, vizuri zaidi.
- Glovu, maji safi, vitambaa laini, na mfuko wa akiba au kitu atakachovaa badala yake. Usimvue mtu mfuko wake wa pekee halafu ukaanza kuulizia stoo.
- Jagi lenye alama za mililita.
- ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa) ya Shirika la Afya Duniani, ya kitabu au ya kompyuta. Nitaeleza chini kwa nini natilia mkazo maneno "ya Shirika la Afya Duniani".
- Pazia, au chumba chenye mlango.

Hatua

1. Mtoe dirishani. Usimuulize mtu habari za choo chake akiwa kwenye foleni, nyuma yake jirani anasikiliza. Wengi huficha. Atakwambia "tumbo linauma" na kuishia hapo, na wewe utaandika tumbo linauma. Mkishakuwa wawili, uliza kwa maneno ya kawaida: "Ulishawahi kufanyiwa operesheni ya tumbo? Choo unapata kwa njia ya kawaida, au kinatokea tumboni?" Neno stoma wengi hawalijui. Mtoto anakuja na bibi yake, na bibi atasema "alizaliwa hana njia, wakamtoboa ubavuni". Hapo umeshapata nusu ya historia.

2. Thibitisha ni stoma ya nini. Hapa ndipo majalada mengi yanapoharibika. Kuandika "ana stoma" ni sawa na kuandika "ana ugonjwa". Taja kiungo, na uandike umejuaje: taarifa ya upasuaji, barua ya rufaa, au maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Karatasi zikikosekana, mwili unakupa dokezo. Ileostomi kwa kawaida iko kulia chini ya kitovu, imechomoza kama chuchu, na kinachotoka ni majimaji. Kolostomi ya mwisho wa utumbo mpana mara nyingi iko kushoto, imelala karibu na ngozi, na kinachotoka kinafanana na choo cha kawaida. Lakini kolostomi inaweza kutolewa kulia juu ya kitovu pia, na ileostomi inaweza kuwa kushoto. Kwa hiyo wewe wa kumbukumbu usiweke msimbo kwa kubahatisha upande. Mrudishie daktari jalada aandike kwa mkono wake.

3. Angalia, pima, andika. Muuguzi, hili ni lako, na ni vitu saba:

- Mahali ilipo: kulia au kushoto kwa mgonjwa (siyo kwako uliyemkabili), juu au chini ya kitovu.
- Mdomo mmoja, au miwili ya kitanzi (utumbo umekunjwa na kutolewa nje kama kitanzi).
- Kipimo: upana na urefu kwa milimita, na imechomoza kiasi gani.
- Rangi. Nyekundu au waridi yenye unyevu ni salama. Zambarau, kijivu au nyeusi: acha kalamu, mwite daktari sasa hivi, utaandika baadaye.
- Mshono kati ya utumbo na ngozi: umeshika au umeachia.
- Ngozi inayoizunguka: nzima, nyekundu, imechubuka, ina malengelenge.
- Kinachotoka: kiasi, rangi, na kama ni majimaji au ni kizito.

Kipimo usinakili cha safari iliyopita. Stoma mpya huvimba, kisha hupungua kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Ukinakili milimita 40 za mwezi jana wakati leo ni 30, anayekata tundu la mfuko ataacha ngozi wazi na choo kitaila. Tundu la mfuko lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu.

Kiasi kinachotoka ni muhimu hasa kwa ileostomi. Iliyotulia hutoa kama mililita 500 hadi 1000 kwa siku. Ikipita 1500, mgonjwa anaelekea kukaukiwa maji, na daktari anahitaji kuiona namba yenyewe. "Inatoka sana" haimsaidii.

Andika pia anavaa nini. Usione aibu kuandika "kipande cha kanga" au "kopo lililofungwa kwa kamba" kama ndicho kilichopo. Kuna mama aliyekuja kwetu ngozi imebabuka vibaya, na jalada lilisema "mfuko upo". Mfuko ulikuwa umekwisha wiki mbili nyuma. Alikuwa anapaka mawese kulainisha ngozi, na kila alichobandika juu yake kikawa kinateleza. Hakuna aliyemwuliza, kwa sababu karatasi ilishajibu.

4. Ukitaja jeraha kwa uso wa saa, taja namba, usitaje saa. Wenye kusoma vitabu vya Kiingereza hueleza sehemu ya stoma kama uso wa saa: 12 inaelekea kichwani, 6 miguuni. Njia nzuri, ila sisi saa yetu ni nyingine. Hospitali niliyoanzia kazi niliandika "ngozi imeachia saa 3", nikiwa na maana ya pale mshale mfupi unapokaa saa tatu kamili asubuhi, yaani kwenye 9. Daktari akasoma 3, kesho yake akaangalia upande wa pili, akaandika "hakuna tatizo". Tangu siku hiyo naandika hivi: "kwenye namba 9 ya uso wa saa, upande wa kulia wa mgonjwa". Ni maneno mengi, lakini hayana ubishi.

5. Andika mpango. Ya muda au ya kudumu? Ya muda, inafungwa lini na wapi? Mgonjwa wa mwambao akikosa tarehe anaweza kukaa nayo mwaka mzima akidhani ndivyo alivyoandikiwa. Kama daktari hajasema, andika "mpango haujaelezwa, daktari aulizwe".

Sehemu yote ya muuguzi haizidi mistari mitano. Mfano wa kubuni, uandike kwa lugha jalada lenu linayotumia:

"Kolostomi ya kitanzi, kushoto chini ya kitovu, imethibitishwa kwa barua ya rufaa. Upana mm 35, urefu mm 30, imechomoza mm 10. Nyekundu, ina unyevu. Mshono umeshika. Ngozi nyekundu kwenye namba 6 ya uso wa saa, haijachubuka. Choo laini. Anavaa kitambaa, mifuko imekwisha siku 4. Ya muda, kufungwa baada ya wiki 12, tarehe haijapangwa."

6. Sasa wewe wa kumbukumbu: jiulize leo kaja kwa ajili ya nini. Swali ni hilo moja, na majibu yake ni matatu.

a) Kaja kwa jambo jingine, stoma anayo tu na haina shida. Hiyo ni familia ya Z93.

b) Kaja kwa ajili ya stoma yenyewe, ila haijaharibika: kusafishwa, kubadilishiwa mpira, kupanuliwa mdomo, au kufungwa. Hiyo ni Z43. Wengi hawajui kwamba kufunga stoma kuko humu.

c) Stoma imeharibika: imeziba, imetoka nje kupita kiasi, imezama, imekufa. Hapa msimbo mkuu si Z, ni wa tatizo lenyewe.

7. Chagua namba ya mwisho. Familia za Z93 na Z43 zinakwenda sambamba, kwa hiyo ukiikariri moja umeikariri na nyingine:

- .0 trakeostomi
- .1 gastrostomi
- .2 ileostomi
- .3 kolostomi
- .4 matundu mengine ya njia ya chakula
- .5 sistostomi
- .6 matundu mengine ya njia ya mkojo
- .8 mengineyo yaliyotajwa
- .9 haikutajwa

(Z43 ina .7 yake, ya uke uliotengenezwa kwa upasuaji. Z93 haina.)

Kwa hiyo mwenye kolostomi aliyekuja na malaria anapata Z93.3 pembeni, na aliyekuja kufungwa kolostomi anapata Z43.3. Angalia mwandiko wako hapo: 9 na 4 za haraka haraka zinafanana, na maana zake ni mbalimbali kabisa.

Aliyekuja kuvalishwa au kurekebishiwa mfuko wa stoma ya utumbo tu ana msimbo wake: Z46.5.

Kwa stoma iliyoharibika au iliyoleta tatizo:

- Kolostomi au ileostomi: K91.4
- Trakeostomi: J95.0
- Stoma ya njia ya mkojo: N99.5
- Ngiri pembeni ya stoma: K43.5 kama haijabana, K43.3 kama imeziba utumbo, K43.4 kama utumbo umeoza
- Ngozi iliyoungua kwa choo: L24.8, na Z93 yake pembeni
- Kukaukiwa maji: E86, na Z93.2 kama ni ileostomi

8. Panga mkuu na wasaidizi. Kanuni ya ICD-10 ni kwamba msimbo mkuu ni hali iliyomfanya mgonjwa ahitaji huduma safari hii, kama ilivyojulikana mwishoni mwa huduma. Kwa mifano:

Mzee kaletwa usiku, utumbo umejisokota, kakatwa na kutolewa kolostomi. Mkuu ni K56.2. Stoma iliyotengenezwa safari hii hii inaandikwa kwenye operesheni. Mimi Z93.3 siiweki hapo, naianza safari inayofuata.

Mzee huyo huyo baada ya miezi miwili ana homa, damu imeonyesha malaria ya falsiparamu. Mkuu B50.9, msaidizi Z93.3. Hapa ndipo Z93 huachwa mara nyingi, eti "haihusiani". Inahusiana: daktari wa zamu atakayempa dawa ya kunywa, au atakayetaka kumpima kupitia njia ya haja kubwa, anapaswa kujua.

Mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa, bila fistula (njia isiyo ya kawaida kutoka utumbo hadi kiungo kingine au ngozi), kaletwa siku ya pili ya maisha, katolewa kolostomi: Q42.3. Njia ikishatengenezwa na mtoto akaja kufungwa kolostomi: mkuu Z43.3.

Mzee wa tezi dume mwenye mpira chini ya kitovu, kaja kubadilishiwa: Z43.5, na N40 kama tezi bado ipo haijatibiwa. Hawa ndio wengi kuliko wote, na ndio wanaosahaulika, kwa sababu watu wakisikia stoma wanawaza choo tu.

9. Peleka kwenye rejista. Kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) namba 5 kwa wagonjwa wa nje, namba 14 kwa waliolazwa. Andika maneno pamoja na msimbo, siyo msimbo peke yake. Msimbo uliokosewa tarakimu moja bila maneno hauna wa kuusahihisha. Kwenye fomu ya madai ya bima hakikisha msimbo na huduma vinasema kitu kimoja. Mhakiki akiona operesheni ya kufunga stoma, na msimbo unasema Z93.3, yaani mtu ana stoma tu, ana haki ya kuirudisha. Ujue pia kwamba ICD-10 inataja hali ya mgonjwa, haitaji operesheni. Jina la operesheni liandike kamili, kama lilivyo kwenye orodha ya huduma ya bima husika.

10. Stoma ikifungwa, ifute. Kuanzia safari inayofuata Z93 isionekane tena. Nimekuta jalada la kijana aliyefungwa kolostomi, na kwa miaka miwili kila karani ananakili Z93.3 ya mwenzake. Andika juu ya jalada, kwa wino unaoonekana: "Kolostomi imefungwa", tarehe na mahali. Kama kipande cha utumbo kiliondolewa, kinachobaki kuandikwa ni Z90.4.

Makosa ninayokutana nayo kila mwezi

Kutafuta msimbo kwenye simu. Wengi wanaangukia kwenye toleo la Marekani, ambalo wenzetu walilirekebisha kwa matumizi yao. Humo utakuta K94.0 na ndugu zake kwa kolostomi iliyoharibika, L24.B kwa ngozi, na E86.0 kwa kukaukiwa maji. Katika toleo la Shirika la Afya Duniani hizo hazimo. Ukiona msimbo una herufi katikati au mkia mrefu baada ya nukta, shtuka. Na ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi 1 Januari 2022, ni lugha nyingine kabisa. Usichukue msimbo mmoja huku na mwingine kule kwenye jalada moja.

Kukimbilia .9. Hiyo ni ya pale ambapo kweli hakuna aliyejua. Kama taarifa ya upasuaji iko kurasa tatu nyuma, uvivu ni wako.

Kuweka Z93 na Z43 za stoma ile ile safari moja. Chagua: ni kaja nayo, au kaja kwa ajili yake?

Kupiga picha kwa simu na kurusha kwenye kundi la WhatsApp "kuomba ushauri". Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti. Picha ikihitajika kwa matibabu, mgonjwa aridhie, iandikwe kwenye jalada, na iende kwa daktari anayemhudumia. Kundi la watu 200 haliingii hapo.

Ukikwama

Karatasi hakuna na mgonjwa hajui alifanyiwa nini. Muuguzi aeleze anachokiona kama hatua ya 3, daktari aandike anachodhani na sababu zake, nawe uweke msimbo wa alichoandika daktari. Kama naye hana uhakika, hapo .9 ni halali. Ombeni muhtasari kwa simu kutoka hospitali iliyopasua. Mara nyingi wanaupata kama una jina kamili na mwezi wa operesheni.

Muuguzi kaandika ileostomi, daktari kaandika kolostomi. Usichague unayempenda. Rudisha jalada kwa wote wawili, na sahihisho liwe mstari mmoja wenye tarehe na saini. Usifute kwa wino mweupe.

Mfumo wa kompyuta unakataa msimbo. Kwanza angalia kama umeandika herufi O mahali pa sifuri. Kisha angalia nukta, maana kuna mifumo inayotaka Z933 bila nukta. Ikigoma bado, uandike kwenye jalada ulivyo sahihi na umjulishe mtu wa TEHAMA. Usiweke unaofanana nao ili tu skrini ipite.

Kuna matundu mawili tumboni. Uliza yanatoa nini. Yote mawili yakiwa ya utumbo mpana mmoja uliokatwa, moja linatoa choo na jingine ute, hiyo ni kolostomi moja yenye midomo miwili na msimbo ni mmoja. Moja likitoa choo na jingine mkojo, hizo ni stoma mbili na misimbo ni miwili, kwa mfano Z93.3 na Z93.5. Chora duara mbili kwenye umbo la tumbo jaladani, kila moja na jina lake.